Mwalimu, Renesansi unaiweka upande gani wa mstari?

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nafundisha Historia kidato cha tano na sita. Wiki iliyopita nilichora ubaoni mstari wa historia ya Ulaya, nikaukata vipande vitatu: Zama za Kale, Zama za Kati, Zama za Kisasa. Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, na Renesansi unaiweka upande gani wa mstari?" Alimaanisha ule mwamko wa elimu na sanaa za kale ulioanzia Italia. Nikajibu haraka kwamba ipo hapo katikati, ni daraja. Kengele ikalia. Jibu hilo limenikaa kooni tangu siku ile, maana nilimpa mtoto jibu la kumnyamazisha tu. Naleta hapa jibu nililopaswa kumpa. Ni refu, mnivumilie, na mwenye kunikosoa anikosoe.

Naanza na kitu kilicho mbele ya macho yenu sasa hivi: herufi. Chukua neno "Bagamoyo". Ile B kubwa ina asili ya Roma. Ndiyo waliyoichonga kwenye mawe ya makaburi na malango ya ushindi miaka elfu mbili iliyopita. Hizo ndogo zinazofuata zina ukoo mwingine. Zilipewa umbo na watawa wa ufalme wa Wafaranki mwishoni mwa karne ya 8, enzi za mfalme wao Charlemagne, ndani kabisa ya zama tulizozoea kuziita za giza. Baadaye mwandiko huo ukaachwa, ukaja mwandiko wa Kigothi, mweusi, uliobanana, wenye kona kali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1400 wasomi wa Firenze (mji wa Italia, kwa Kiingereza Florence) kama Poggio Bracciolini na Niccolò Niccoli walikuwa wakisaka vitabu vya Kilatini vilivyosahaulika kwenye maktaba za monasteri. Nakala kongwe walizozipata zilikuwa na mwandiko wa mviringo, wenye nafasi, unaosomeka bila kukunja uso. Wakaamini wamefika kwenye mwandiko wa Warumi wenyewe. Wakauita "herufi za kale", wakauiga, na mwaka 1470 Nicolas Jenson, Mfaransa aliyekuwa akichapa vitabu Venezia, akatoa chapa za risasi za aina hiyo, nzuri mno. Ndizo zilizozaa hizi unazosoma kwenye simu yako.

Mmeona kilichotokea? Watu waliotaka kuziruka Zama za Kati wakamshike mkono Mrumi, mkono walioushika ulikuwa wa mtawa wa Zama za Kati. Na bila mtawa yule pasingekuwa na kitabu cha kusaka. Nakala kongwe kabisa za shairi la Lucretius, mshairi wa Roma ya kale, zilizopo leo ni za karne ya 9, na walioketi kuzinakili ni watu wa hilo hilo "giza".

Sasa hilo jina "Zama za Kati" limetoka wapi? Hakuna mtu wa mwaka 1100 aliyeamka asubuhi akajiona anaishi katikati ya kitu. Jina hilo walipewa na waliokuja baadaye. Wa kwanza kuizungumza hali hiyo kwa uchungu ni mshairi Francesco Petrarca (1304–1374). Mwaka 1345, huko Verona, alikuta barua za Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma ya kale, kwa rafiki yake Atticus. Akazisoma, akaumia kuona jinsi shujaa wake alivyohangaishwa na siasa, akaketi akamwandikia barua Cicero mwenyewe, mtu aliyeuawa mwaka 43 KK. Barua ya lawama, kama unavyomwandikia mjomba uliyemtegemea akakuangusha. Huyo ndiye aliyeanza kuziona karne zilizomtenga na Roma kuwa ni giza. Wanahistoria wa karne iliyofuata, kina Leonardo Bruni na Flavio Biondo, wakaandika historia kwa mtindo huo: Roma ikaanguka, pakapita muda mrefu, sasa tumeinuka. Mwishoni mwa karne ya 17 mwalimu Mjerumani Christoph Cellarius akavipanga vile vipande vitatu kwenye vitabu vya kufundishia, ambavyo nami nimevichora ubaoni zaidi ya miaka 300 baadaye.

Angalieni: kwa Cellarius vipande ni vitatu tu. Renesansi kama kipindi kinachojitegemea haimo. Giorgio Vasari alitumia neno la Kiitalia *rinascita*, kuzaliwa upya, kwenye kitabu chake cha maisha ya wasanii cha mwaka 1550, lakini alikuwa anazungumzia uchoraji, uchongaji na ujenzi. Kuigeuza kuwa zama nzima, zenye watu wa aina mpya na roho mpya, ni kazi ya wanahistoria wa karne ya 19: Jules Michelet, Mfaransa, mwaka 1855, na Jacob Burckhardt wa Basel, Uswisi, mwaka 1860. Michelet alikuwa mtu wa mapinduzi aliyelichukia kanisa na ufalme. Alihitaji Zama za Kati zife ili Ufaransa yake izaliwe. Burckhardt alitafuta mahali alipozaliwa mtu wa kisasa, mtu binafsi anayejitambua, akaona ni Italia. Mpaka leo vitabu vyetu vya shule vinakula kwenye sahani za hao wawili.

Mfano wa mwisho, halafu nawaachia uwanja. Kanisa kuu la Firenze lilianza kujengwa 1296. Likabaki na uwazi juu, upana wa zaidi ya mita 40, kuanzia kimo cha zaidi ya mita 50 kutoka chini, na hakuna aliyejua namna ya kuufunika. Mwaka 1418 wakatangaza shindano. Filippo Brunelleschi akaja na njia ya kupandisha kuba mbili, moja ndani ya nyingine, bila kujaza kanisa lote magogo ya kushikilia. Matofali yakilazwa kwa mpangilio wa mifupa ya samaki, yakikamatana yenyewe wakati chokaa haijakauka, na winchi ya kupandishia mizigo ikizungushwa na ng'ombe. Kazi ilianza 1420, na 1436 kuba ikafungwa. Kila kitabu kinaweka picha yake kwenye sura ya Renesansi. Lakini umbo lenyewe, lile lililochongoka, ni la Kigothi, yaani mtindo wa ujenzi wa Zama za Kati, na lilikwisha kuamuliwa mwaka 1367, miaka 10 kabla Brunelleschi hajazaliwa. Babu zake ndio waliokubali kujenga kitu ambacho hawakujua kitafunikwaje.

Kwa hiyo msimamo wangu: Renesansi haina upande wa mstari, kwa kuwa haikuwa zama. Ilikuwa harakati ya watu wachache waliojua kusoma Kilatini na matajiri waliowalipa, ndani ya jamii ambayo kwa sehemu kubwa iliendelea kuishi kama ilivyoishi. Na harakati hiyo ndiyo iliyouchora mstari wenyewe. Hapo ndipo utata ulipo: tunamwomba aliyechora mpaka atuambie yeye anakaa upande gani.

Karibuni.

#2 Mpenda Vitabu

Mkuu, hongera kwa uzi, lakini umeuruka mwaka 1453. Sisi tulifundishwa hivi: Waturuki wameteka Konstantinopoli (Istanbul ya leo), mji mkuu wa dola ya Kigiriki, wasomi wa Kigiriki wakakimbilia Italia na vitabu vyao, Renesansi ikaanza. Tarehe ipo, sababu ipo, matokeo yapo. Wewe unasema hakuna mstari?

#3 Mleta uzi

Mpenda Vitabu, nami niliifundisha hivyo miaka kadhaa, mpaka nilipopanga tarehe vizuri. Manuel Chrysoloras alitoka Konstantinopoli akaanza kufundisha Kigiriki Firenze mwaka 1397, kwa mwaliko na kwa mshahara. Mwaka 1439 maaskofu wa Mashariki na Magharibi walikuwa Firenze hiyo hiyo wakijaribu kuunganisha makanisa yao, na wanafalsafa wa Kigiriki walikuja na msafara. Petrarca alikuwa amekwisha kufa miaka 79 kabla mji haujaanguka, na kuba ya Brunelleschi ilishafungwa.

Sikatai kwamba mkasa wa 1453 ulisukuma mambo. Kardinali Bessarion, Mgiriki, alihofia vitabu vya watu wake vitapotea, akavikusanya kwa bidii, na mwaka 1468 akaikabidhi Venezia maktaba yake yote. Mpaka leo ndiyo kiini cha maktaba ya Mtakatifu Marko. Huyo ukimsoma unasikia majonzi ya mtu aliyepoteza nchi. Ila moto alioukuta ulikuwa unawaka tayari.

#4 Mchumi

Naomba nitofautiane na mleta uzi. Unazungumzia herufi na makuba wakati msingi ni uchumi. Ujima, utumwa, ukabaila, ubepari: tulisoma wote. Renesansi ni sanaa ya mabepari wachanga wa miji ya Italia waliokuwa wanauchimbia ukabaila kaburi. Firenze ilifua sarafu yake ya dhahabu, florini, kuanzia 1252. Familia za Bardi na Peruzzi zilikopesha mpaka mfalme wa Uingereza, zikafilisika miaka ya 1340. Benki ya Medici ikadumu kuanzia 1397 hadi 1494. Na mwaka huo huo wa 1494, Venezia, mtawa Luca Pacioli akachapa kitabu chenye maelezo ya kutunza hesabu kwa maingizo mawili, yaani kila muamala unaandikwa pande mbili. Kila mhasibu wa leo anafuata hilo. Fedha ndiyo iliyowalipa hao wasomi wako. Kwa hiyo mstari upo: ukabaila ulikuwa unaondoka, ubepari unaingia.

#5 Mleta uzi

Mchumi, bila fedha hakuna Renesansi, nakubali kabisa. Lakini soma tarehe ulizozitaja mwenyewe. Florini ni 1252. Bardi na Peruzzi wamepanda na kuanguka Petrarca akiwa hai. Pacioli alieleza kwa maandishi jambo ambalo wafanyabiashara wa Italia walikuwa wakilifanya tangu karibu na mwaka 1300. Huo ubepari mchanga ulizaliwa na kukulia ndani ya Zama za Kati.

Upande wa pili, huo ukabaila haukuondoka kwa ratiba. Tauni ya 1347 hadi 1351 iliua watu wengi mno, vibarua wakawa haba, na sehemu nyingi za Ulaya Magharibi mkulima akapata nguvu ya kudai ujira. Mashariki mwa Ulaya ikawa kinyume: wakati Michelangelo anachora Roma, wakulima wa Poland na Urusi walikuwa wanazidi kufungwa kwenye ardhi ya mabwana. Haki za makabaila Ufaransa zilifutwa Agosti 1789. Urusi wakulima waliachiwa 1861. Ukitumia ukabaila kama alama ya Zama za Kati, basi Zama za Kati zilivuka Renesansi nzima zikatokea upande wa pili zikiwa hai. Marehemu Jacques Le Goff, mtaalamu mkubwa wa zama hizo, alikuwa na hoja ya namna hiyo: kwamba kuna Zama za Kati ndefu zinazofika mpaka karne ya 18.

#6 Mtu wa Maktaba

Nakazia kidogo kuhusu hilo neno giza, kwa sababu linaudhi. Chuo cha Bologna, Paris na Oxford ni matunda ya Zama za Kati. Karne ya 12 pale Toledo, Hispania, Gerard wa Cremona na wenzake walikuwa wanatafsiri kutoka Kiarabu kwenda Kilatini: nyota, tiba, hesabu, Aristotle. Leonardo wa Pisa, anayejulikana kama Fibonacci, alijifunza tarakimu hizi tunazotumia akiwa kijana Bejaia, Algeria ya leo, baba yake akiwa kule kwa shughuli za wafanyabiashara wa Pisa. Akaziandikia kitabu mwaka 1202. Miwani ya macho ilianza Italia miaka ya 1280. Wale wazee wa Firenze waliosaka vitabu usiku wangesoma na nini?

Na jambo moja ambalo watu hawalipendi: kuchoma wachawi. Wengi wanalitupia Zama za Kati. Wimbi kubwa lilikuwa takriban 1560 hadi 1650, baada ya Copernicus mtaalamu wa nyota, baada ya Erasmus msomi, baada ya mashine ya uchapaji. Wanahistoria wengi wanakadiria waliouawa ni kati ya 40,000 na 60,000, wengi wao wanawake. Hilo ni doa la mwanzo wa Zama za Kisasa.

#7 Mama Wawili

Nimesoma wote nimesikia majina ya wanaume tu. Mwanahistoria Joan Kelly aliuliza mwaka 1977 kama wanawake nao walikuwa na Renesansi, na jibu lake lilikuwa hapana, au angalau si katika wakati ule.

Nitatoa mfano mmoja. Huyo Brunelleschi wa kuba ndiye aliyechora pia hospitali ya watoto waliotupwa, Innocenti, iliyoanza kujengwa Firenze mwaka 1419. Matao yake ni mazuri, kila mwanafunzi wa usanifu anayajua. Mtoto wa kwanza alipokelewa Februari 1445, wa kike, wakamwita Agata Smeralda. Sasa jiulizeni watoto wale walitoka wapi. Baadhi walizaliwa na watumwa. Firenze iliruhusu rasmi kuingiza watumwa wasio Wakristo mwaka 1363, baada ya tauni, na walioletwa wengi walikuwa wasichana kutoka pande za Bahari Nyeusi, wakawekwa kufanya kazi za ndani kwenye nyumba hizo hizo za wafadhili wa sanaa. Bwana akimpa mimba, mtoto anapelekwa chini ya matao mazuri, na mama anabaki jikoni.

Mama yule ukimuuliza anaishi zama gani atakujibu nini?

#8 Mleta uzi

Mama Wawili, nimesoma mara tatu. Kesho naliingiza kwenye somo. Ahsante.

#9 Mdau wa Mombasa

Kwa wenzangu wa pwani, hiyo Renesansi mnaweza kwenda kuigusa kwa mkono. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593 kwa amri ya Wareno, na aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, mhandisi Mwitaliano kutoka Milano. Wataalamu wa UNESCO walipoiorodhesha mwaka 2011 walieleza kwamba mpangilio wake unafuata wazo la Renesansi kwamba vipimo kamili vinapatikana kwenye mwili wa binadamu. Ukiiangalia kutoka juu unaona kichwa, mikono, miguu. Nimekuwa nikipita pale tangu utotoni nikienda mjini, sikuwahi kuambiwa hilo.

Ila nasema haya nikiwa na kumbukumbu nyingine. Vasco da Gama alifika huku 1498. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akapora Kilwa na kuichoma Mombasa. Kwetu sisi hizo zama mpya zilikuja na mizinga merikebuni. Mnapojadili iko wapi kati ya jana na leo ya Ulaya, kumbukeni kuna watu walioipokea ikiwa ngome.

#10 Kidato cha Sita

Shikamooni wakubwa. Nimefuatilia uzi wote. Sasa mtihani ukija, "Jadili nafasi ya Renesansi", naandika nini? Kwamba haikuwepo?

#11 Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Usiandike kwamba haikuwepo, ilikuwepo. Nilichopinga mimi ni kuifanya zama. Swali lako linanilazimisha kusema kitu nilichokiacha kwenye posti ya kwanza: kipi basi kilikuwa kipya kwelikweli.

Kwangu mimi jibu ni kazi moja ya mwaka 1440. Kulikuwa na hati iliyoitwa Zawadi ya Konstantino. Ilidai kwamba mfalme Konstantino, karne ya 4, alimpa Papa Silvester mamlaka juu ya Roma na nchi zote za Magharibi. Mapapa waliitumia karne nyingi. Lorenzo Valla, msomi aliyekuwa akimtumikia mfalme Alfonso wa Napoli, naye Alfonso alikuwa na ugomvi na Papa, akaichukua ile hati akaisoma neno kwa neno. Akauliza: mbona humu wametajwa "masatrapu"? Hilo ni jina la magavana wa Uajemi. Nani Roma ya Konstantino aliwaita hivyo maofisa wake? Mbona Konstantinopoli inatajwa kama makao ya patriaki wakati kwa maelezo ya hati yenyewe mji haujajengwa? Mbona Kilatini hiki si cha wakati ule? Akahitimisha kwamba imeghushiwa. Leo wanahistoria wengi wanaiweka karne ya 8.

Kabla yake wapo waliokwisha kuitilia shaka, na Valla alikuwa na mwajiri aliyefurahia matokeo. Lakini tazama silaha yake. Hakutumia sheria wala Biblia kama ngao kuu. Alijua kwamba maneno yana umri. Kwamba watu wa karne ya 4 hawakusema kama watu wa karne ya 8, hawakuvaa hivyo, hawakutawala hivyo. Wachoraji wa karne za nyuma waliweza kumchora Aleksanda Mkuu akiwa amevaa deraya ya askari farasi wa wakati wao bila kuona tatizo. Valla angeliona. Uwezo huo wa kuhisi kwamba waliopita walikuwa wengine, mbali nasi, ndio ninaouona kuwa mpya, na ndio uliotupa hata hii kazi ya kugawa historia kwa zama. Andika hilo kwenye mtihani, weka tarehe, weka mifano ya mwendelezo kutoka kwa Mtu wa Maktaba na Mchumi, utakuwa umejibu.

#12 Mpenda Vitabu

Mkuu, na Valla walimfanya nini?

#13 Mleta uzi

Alihojiwa na mahakama ya kanisa huko Napoli kuhusu maandishi yake, mfalme akamkingia kifua. Miaka michache baadaye Papa mwingine, Nikolasi wa Tano, aliyependa vitabu, akamwajiri Roma.

#14 Mleta uzi

MREJESHO.

Leo nimerudi darasani. Sikuchora mstari. Niliandika barua ya uongo nikaichapa kwenye karatasi iliyochakaa: mkulima wa Kilosa anamwandikia ndugu yake mwaka 1910. Nikaweka mtego mmoja, kwamba mkulima anajiita "mwananchi wa Tanzania", jina ambalo tunajua ni la 1964. Nikawagawia, nikawaambia: mnaye Valla, fanyeni kazi.

Ile Tanzania waliinasa ndani ya dakika mbili. Nikawa nakusanya karatasi. Yule binti wa dawati la mbele hakunipa yake. Akaniuliza, "Mwalimu, na hizi shilingi kumi anazomdai ndugu yake? Mwaka 1910 si walikuwa wanatumia rupia za Wajerumani?"

Zile shilingi niliziandika mimi mwenyewe bila kufikiri.